Ujumbe Nilioutangaza Bila Kuuliza

Kabula anaishi Mtowisa, bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Ana miaka sitini. Familia yake ilihamia huko zamani kutoka Shinyanga pamoja na ng'ombe wao. Siku hizi wanafuga na kulima mpunga. Kila asubuhi Kabula hufagia uwanja, hukamua ng'ombe wawili, kisha huwapa wajukuu uji. Mjukuu mmoja anaitwa Mboje. Mwaka jana Mboje alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa mtoto wa maneno mengi.

Mimi naitwa Jenifer. Kwetu ni Mbeya, lakini kazi yangu iko Sumbawanga mjini. Ni mtangazaji wa redio ndogo. Zamani sikumjua Kabula. Nilimjua kwa sababu ya kosa langu. Haya ninayoandika, mengine niliyaona mwenyewe, mengine nilisimuliwa na waliokuwepo.

Mwezi wa tatu mwaka huo, wakati wa mvua, Mboje alishikwa na homa. Siku ya pili akapata degedege. Baba yake, Shija, mwana wa Kabula, alikuwa mbali malishoni, mahali pasipo na mtandao. Mama yake alikuwa na siku nne tu tangu ajifungue. Basi Kabula akambeba mjukuu mpaka kituo cha afya.

"Ni malaria kali," daktari alimwambia. "Nimemchoma sindano ya kwanza. Lakini lazima afike hospitali ya mjini leo. Gari la wagonjwa limempeleka mjamzito, halijarudi. Panda gari la abiria, mama. Hii ni barua ya rufaa. Usichelewe."

Kabula akaiweka barua kwenye kikapu, chini ya nguo za mtoto. Akapanda gari.

Gari lilipanda mlima polepole kwenye tope. Lilipofika juu, kwenye senta moja ndogo yenye maduka machache, likaharibika. Dereva akaingia uvunguni, akawaambia abiria wasubiri. Huko juu ni baridi. Kabula alikaa kwenye kibaraza cha duka, akamfunika mtoto kwa kitenge chake cha njano. Mboje alikuwa analia na kujipindapinda mikononi mwake.

Wanawake wawili wakamsogelea.

"Mama, mtoto ni wako?"

Kabula hajui Kiswahili vizuri. Nyumbani wanaongea Kisukuma.

"Si wangu," alijibu. "Wa Shija."

"Si wako? Shija ndiyo nani? Mama yake yuko wapi?"

Kabula hakuelewa yote. Alimkumbatia mtoto kwa nguvu. Watu wakaanza kusogea. Kijana mmoja akatoa simu, akampiga picha.

Saa nne kamili ile picha ilinifikia studio. Chini yake paliandikwa: "Mwizi wa watoto amepatikana senta, juu ya mlima. Amekiri kuwa mtoto si wake. Sambaza, okoa watoto wetu."

Katika muda mfupi wasikilizaji tisa walinitumia ujumbe huohuo. Nikawaza kwamba watu tisa hawawezi kukosea wote. Sikujua kuwa wote tisa waliutoa kwenye grupu moja la wasapu.

Nikafungua kipaza sauti.

"Wasikilizaji, kuna mama wa makamo amekutwa na mtoto asiye wake," nilisema. "Amevaa kitenge cha njano. Yupo pale senta, juu ya mlima. Wazazi, chungeni watoto wenu."

Kisha nikaweka muziki. Nilijisikia vizuri. Niliona nimeitumikia jamii.

Pale senta kuna mama anaitwa Bertila, anauza chai na maandazi. Redio yake ilikuwa imewashwa, tena kwa sauti kubwa. Yeye ndiye aliyenieleza kilichofuata.

"Dada Jenifer, nitakwambia ukweli," alisema. "Kabla ya redio, watu walikuwa wanamwuliza maswali. Mimi nilikuwa namjazia kikombe cha chai nimpelekee. Ulipotangaza, hakuna aliyeuliza tena."

Watu walimnyang'anya mtoto. Kisha wakampiga Kabula kwa fimbo na mateke. Mkono wake wa kushoto ukavunjika. Alikuwa anapiga kelele kwa Kisukuma na kunyoosha kidole kwenye kikapu. Hakuna aliyekifungua. Mtoto walimlaza kwenye nyumba ya jirani, eti asubiri wazazi wake wa kweli. Degedege ikamrudia mara mbili.

Polisi walifika saa tisa alasiri. Askari mmoja akakifungua kikapu, akaisoma ile barua kimya. Kisha akaisoma kwa sauti. Watu waliinamisha vichwa, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Polisi wakawapeleka bibi na mjukuu hospitali ya mjini.

Kesho yake polisi walitupa taarifa studio, nikaenda hospitali na kinasa sauti. Bado nilikuwa natafuta habari. Wodini nilimkuta Shija amekaa sakafuni karibu na kitanda cha mtoto. Buti zake zilikuwa na tope la bondeni. Nikajitambulisha.

"Wewe ndiye uliyetangaza?" aliuliza.

"Ndiyo, kaka."

"Ulimpigia nani kuuliza?"

Nikashusha kinasa sauti.

"Hata mtu mmoja?"

"Hapana."

Shija akainuka. Akapiga makofi karibu na sikio la Mboje. Mtoto hakugeuka. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Mboje alikuwa anaangalia dirisha.

"Daktari anasema atapona," Shija alisema. "Ila hasikii. Pengine ni ugonjwa wenyewe. Pengine ni kuchelewa. Hatutajua kamwe."

Kabula alilazwa wodi ya pili, mkono wake ukiwa umefungwa plasta ngumu. Macho yalikuwa yamevimba.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

Aligeukia ukutani. Nikatoka.

Msimamizi wetu wa habari ni mzee Yonas. Nilidhani atanigombeza. Alinipa kiti.

"Ujumbe ulitoka kwa nani?" aliuliza.

"Kwenye grupu, mzee."

"Grupu si mtu, Jeni. Nani aliona kwa macho yake?"

"Watu tisa waliutuma."

"Waliona, au walipokea?"

"Walipokea," nilisema.

"Mpigie mtendaji wa kijiji kile," alisema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Namba ipo ukutani, mbele ya meza yako."

Mtendaji alipokea mara moja. Nikamwuliza siku ile asubuhi alikuwa wapi.

"Nilikuwa ofisini," alisema. "Ni hatua mia mbili tu kutoka pale dukani. Mke wangu ni Msukuma, angeongea na yule mama vizuri. Hakuna mtu aliyenipigia."

Nilikata simu. Tulikuwa tumeongea kwa dakika moja tu.

"Habari ya kutisha ikija, na mwisho wake pameandikwa 'sambaza', hapo ndipo usimame," mzee Yonas aliniambia. "Uliza nani ameona. Uliza ni wapi na ni lini. Halafu mtafute mtu aliye palepale, anayejulikana kwa jina na kazi yake. Mtendaji, muuguzi, mwalimu. Ukiona kuna hatari kweli, waambie polisi. Wao ndio wenye kazi hiyo. Picha ya mtu usiipeleke popote. Na usihesabu waliotuma. Hata wakiwa elfu, hawajaona kitu."

Niliondolewa kwenye kipindi kwa mwezi mmoja. Kabla ya hapo mzee Yonas aliniagiza niombe radhi hewani. Nilifanya hivyo siku saba mfululizo, saa nne na dakika kumi, saa ileile niliyotangaza uongo. Nilitaja jina langu. Nilisema Kabula ni bibi aliyekuwa anampeleka mjukuu wake hospitali.

Tukaweka utaratibu. Ujumbe wa simu hausomwi redioni mpaka watu wawili wanaojulikana wathibitishe. Bertila naye akazungumza na wenzake pale senta. Kwenye grupu lao, anayeleta habari ya mtu huulizwa kwanza, "Umeona mwenyewe?" Akishindwa kujibu, anaifuta.

Mwezi wa saba ikaja sauti iliyorekodiwa kwenye simu. Mwanamume alikuwa anasema chanjo imeua watoto watatu kwenye kliniki ya Laela. Akina mama mjini walianza kuondoka kwenye foleni ya kliniki. Sikutangaza. Nilimpigia muuguzi wa Laela, kisha mtendaji wa kata.

"Hakuna aliyekufa, dada," muuguzi alisema. "Mtoto mmoja alizimia kwa njaa. Tumempa uji, anacheza."

Mtendaji alisema hivyohivyo. Nikatangaza nikiwa na majina yao na kauli zao. Mchana foleni ya kliniki ilikuwa imerudi.

Baada ya mavuno nilishuka Mtowisa. Kabula aliniruhusu kukaa. Mkono wake haunyooki vizuri. Hakamui tena. Shija alikuwa anamfundisha Mboje ishara za vidole: maji, uji, njoo. Mboje alikuwa anajifunza haraka, lakini nyumba ilikuwa kimya.

"Nimeomba radhi redioni, mama," nilisema. Shija akatafsiri.

Kabula aliongea kwa muda mrefu. Shija akanigeukia.

"Anauliza kama walioiona ile picha wote wamekusikia."

"Hapana," nilisema. "Siwezi kusema wote."

Kabula akatikisa kichwa, akaingia ndani.

Mwezi uliopita ile picha ikanifikia tena. Iliandikwa kuwa mwizi wa watoto ameonekana Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika, asubuhi hiyo. Aliyeituma ni mchuuzi wa dagaa wa huko anayeitwa Godbless. Nikampigia, nikamweleza habari yote.

"Samahani sana, dada," alisema. "Sikujua. Naifuta sasa hivi."

"Umeshawatumia wangapi?"

"Arobaini."

"Basi wapigie hao arobaini. Mmoja mmoja."

"Mmoja mmoja?"

"Ndiyo, kaka. Kila mmoja mwambie ukweli, na umwombe aifute."

Nilisikia upepo wa ziwani kwenye simu.

"Haya," alisema.

Jioni alinipigia. Aliwapata wote. Thelathini na mmoja walikuwa wameifuta. Tisa walikuwa wamekwisha kuwatumia wengine.

"Nipe majina ya hao tisa," nilimwambia, nikachukua kalamu.