Niliolewa Kwenye Televisheni Tu

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka hamsini na mmoja, nahudumia wazee katika makao yao, na naishi peke yangu ghorofani hapa Dixon Road, Toronto. Sijawahi kuwa na mume... lakini mji mzima ulinijua kama mke wa mtu!

Yote yalianzia kwenye kituo cha televisheni ya jamii. Kilikuwa chumba nyuma ya maktaba, hakina hata dirisha, kikiendeshwa na watu wa kujitolea. Kila jamii ilipewa saa moja kwa wiki. Wasomali walikuwa na Ijumaa, Wareno Jumapili, na sisi wa Kiswahili Jumamosi. Mtangazaji wetu, Zakaria, mwanamume wa Kitale mwenye maneno matamu, aliniomba tuendeshe kipindi pamoja.

Tuliipanga studio kama sebule: makochi yenye vitambaa vya kufuma, chupa ya chai, na pazia lililofunika ukuta mtupu. Watazamaji walipopiga simu, waliona si adabu kuwaita watu wazima kwa majina matupu. Wakatuita Baba na Mama, kama mume na mke. Siku ya kwanza nilicheka.

Nilipotaka kuwasahihisha, Zakaria alinizuia. Alisema watu wameshaipenda familia yetu, tukiwavunja moyo saa yetu watapewa wengine. Nami nilikipenda kile kipindi, jamani! Kina mama waliofungiwa ndani na theluji walisikia lugha yao kupitia kwangu. Nikanyamaza. Miaka ikapita nikimmiminia chai mwanamume asiye wangu.

Kisha akaja Daudi wa Pickering, aliyefiwa na mkewe. Huyu alinipenda mimi, si yule Mama wa sebuleni. Kwa kuwa wazazi wangu hawapo, wazee wa kanisa lake walienda kuniposa kwa mchungaji wetu, aliyekuwa mgeni kwetu. Mchungaji akawashangaa.

“Si huyo ni bibi ya mtu? Tunawaona kila Saturday kwa TV!”

Wazee walirudi na aibu yao. Daudi aliniambia ananiamini, ila wazee wake hawatarudi mpaka Zakaria mwenyewe aseme ukweli mbele ya watazamaji. Nilimwendea Zakaria nikilia. Akaapa kwamba Jumamosi atasema.

Jumamosi hiyo nilivaa kitenge kipya. Nilijua Daudi na wazee wake wamekaa mbele ya televisheni, wanasubiri. Tukaingia hewani. Zakaria akanishika mkono, akaitazama kamera...

“Watazamaji wetu, kuna watu wanataka kutuvunjia nyumba. Lakini mimi na Mama hatuachani ng’o!”

Simu zilimiminika, zote za pongezi. Na mimi je? Kwa nini sikusimama? Kwa nini sikupiga kelele? Sijui, ndugu zangu. Watu wote walikuwa wananitazama, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye chupa ya chai. Nikamimina. Nikatabasamu! Daudi hakunipigia simu tena.

Haukupita muda, Zakaria akamleta mkewe wa ndoa na watoto wao kutoka Kitale. Kumbe alikuwa naye muda wote! Je, kuna aliyemlaumu? Thubutu! Mimi ndiye niliyeitwa kimada, nami mwanamume yule sikuwahi kulala naye hata siku moja.

Hatimaye watu walihamia kwenye simu zao, na kituo kikafungwa. Siku ya kuagana tulionyeshwa historia yake tangu mwanzo. Nikajiona, bado kijana, nimekaa kwenye ile sebule isiyo na dirisha. Chini ya picha wale wa kituo walikuwa wameandika: Zakaria na mkewe. Hata jina sikupewa!

Nikasimama gizani, nikasema kwa sauti kwamba huyo si mke wake, huyo ni Penina. Mke wa Zakaria, aliyeketi nyuma yangu, akanigusa bega.

“Mama, si ukae chini. Unatuziba.”

Nikakaa...

Dada zangu, nawasihi, ukiitwa usivyo, sahihisha siku hiyo hiyo, hata kama unaitwa kwa heshima. Usingoje mwanamume akusemee. Mimi nilingoja, na nilipofungua mdomo hakuna aliyekuwa akinisikiliza.

Jina langu ni Penina. Angalau ninyi nimewaambia.