Sentensi ya Mwisho ya Kasuku

Kila asubuhi kabla ya kengele, wasichana wa bweni walipanga mstari kwenye bomba la nyuma ya jiko, ndoo mkononi, wakisukumana na kutaniana. Asubuhi hiyo hakuna aliyetania. Maji yalitoka ya manjano, tena yananuka.

"Msinywe hata tone!" muuguzi wa shule aliwakemea kutoka mlangoni. Chumba chake cha wagonjwa kilikuwa kimejaa wasichana wanaoharisha na kutapika. Mmoja wao alikuwa Kijiti, rafiki wa Kasuku, wawili waliokuwa kama chanda na pete.

Kasuku aliitwa hivyo kwa sababu neno likiingia kichwani mwake halikutoka tena. Ndiyo maana mkuu wa shule alimchagua asimulie maisha ya mgeni wa siku hiyo, Waziri Mkuu wa nchi. Zamani mgeni huyo alikuwa mwalimu wa falsafa, na wanafunzi wake walimbandika jina la Mwalimu Kwa Nini, maana hakuna jibu alilolipokea bila kuuliza "kwa nini?" Mkuu wa shule mwenyewe aliwahi kuketi darasani mwake.

Kasuku alipopita chumba cha wagonjwa, Kijiti alimshika mkono. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Ukimwona, mwambie," alinong'ona.

"Nimwambie nini?"

"Si unajua."

Kasuku alijua. Tangi jipya, ambalo mgeni huyo ndiye aliyewajengea, lilikuwa na ufa, na maji machafu ya mtaro wa choo yaliingia humo. Muuguzi alikwisha kumweleza mkuu wa shule, naye akajibu, "Tungoje mgeni aondoke. Mnataka niadhirike?"

Uwanjani, viti vilikuwa vimepangwa na chupa za maji safi ziko mezani. Mwalimu Kwa Nini alikuwa mzee mfupi, miwani imemteleza puani. Mkuu wa shule alimpa Kasuku ishara.

Kasuku alianza, na maneno yakatiririka. Alisimulia mtoto wa fundi cherehani aliyesoma chini ya meza ya baba yake, akawa mwalimu wa shule ya msingi, kisha mwalimu wa falsafa chuoni. Alifika pale ofisa mmoja mkubwa alipomwamuru ampandishie mwanawe alama za mtihani.

"Alikataa," Kasuku alisema. "Akafukuzwa kazi, akauza mkaa kulisha watoto wake. Lakini uongo hakuuandika. Watu waliposikia, wakamchagua awe mbunge wao, na leo ni Waziri Mkuu."

Watu walipiga makofi. Ilibaki sentensi moja: *Na kwa juhudi zako, leo tunakunywa maji safi ya tangi ulilotujengea.*

Kasuku alifungua kinywa. Sauti haikutoka. Mkuu wa shule alikaza macho, midomo yake ikimtamkia: *Na kwa juhudi...*

"Umesahau, binti yangu?" mgeni aliuliza kwa upole.

"Hapana, mzee. Naikumbuka. Ila siwezi kuisema."

"Kwa nini?"

Kasuku alizitazama chupa za maji safi mezani.

"Kwa sababu si kweli. Tangi limepasuka. Wenzetu wanaumwa matumbo."

Mkuu wa shule aliruka kitini. "Mheshimiwa, mtoto huyu..."

Mgeni aliinua mkono, akasimama. "Nipelekeni kwa wagonjwa."

Aliingia akainama kitanda baada ya kitanda. Alipotoka, hakufoka. Aliagiza bomba lifungwe, daktari aitwe, na gari la maji lije kabla ya jua kutua. Kisha akamgeukia mwanafunzi wake wa zamani.

"Kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa utanifukuza, mwalimu," mkuu wa shule alijibu, kichwa chini.

Mzee alivua miwani. "Basi nami nina kosa. Mafundi waliojenga tangi niliwasifu bila kuikagua kazi yao. Na kama watu wangu wananiogopa hivi, nitaujulia wapi ukweli? Sikufukuzi leo. Lakini utawaeleza wazazi mwenyewe, kwa kinywa chako."

Mkuu wa shule aliwaeleza. Wazazi walimkasirikia, naye akavumilia. Ufa ulizibwa, mtaro ukahamishwa, na wagonjwa wakapona mmoja mmoja. Kijiti alirudi darasani amekonda zaidi ya jina lake.

Siku bomba lilipofunguliwa tena, mkuu wa shule alikuwa wa kwanza kukinga kikombe. Alikunywa mbele ya wanafunzi wote, kisha akamwita Kasuku asimame kando yake.

"Wanangu," alisema, "nilikuwa nalinda jina langu, nikasahau matumbo yenu. Aibu haijamuua mtu. Maji machafu yanaua. Mkiona kosa, semeni mapema, hata kama mwenye kosa ni mimi."