Lami Iliyopikwa Mno

Odero alikuwa mpika lami kwenye barabara za Kileleshwa. Kila jioni alirudi Kabiria na kopo la mabaki ya chini ya pipa. Mwaka wa 1956 aliyapika tena nyuma ya nyumba, akaziba matundu ya paa lao la madebe.

"Baba Phoebe, moshi umekuwa wa buluu," mkewe, Selpher, alimwambia. "Punguza kuni."

"Wewe shughulika na ugali wako. Lami mbichi haishiki."

Mvua ya masika iliyofuata ilivuja mpaka kitandani. Phoebe, mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu, akakohoa hadi akakosa pumzi. Daktari alisema asilale tena penye maji. Basi Selpher akampeleka Kisumu kwa nyanya yake. Aliapa kutomrudisha mpaka paa limalize masika bila kuvuja.

Jirani yao, Mzee Muli, alikuwa amefanya kazi ya barabara miaka ishirini. Alipanda ngazi, akabandua kipande cha lami. Kikakatika kama biskuti.

"Kitendawili," alisema.

"Tega, mzee."

"Akiwa mchanga hujikunja, akizeeka huvunjika, na anayemzeesha ni mpishi wake."

Odero alishindwa.

"Basi nipe mji."

"Chukua Maseno."

"Nimekwenda Maseno, nimekula samaki, nimeshiba. Jibu ni lami yako. Ndani yake mna mafuta, ndiyo yanayoilainisha. Moto mkali huyafukuza. Ule moshi wa buluu ni mafuta yakitoroka. Tena hewa ina oksijeni, ile ile inayotia msumari kutu. Ikishikana na lami ya moto, lami huwa ngumu. Jua na hewa huizeesha hata ikiwa baridi, ila polepole. Wewe uliizeesha kabla haijafika juu."

"Mimi nilisema kuni zipungue," Selpher alisema mlangoni.

"Miaka sita napika lami," Odero alisema. "Hakuna aliyeniambia."

"Msimamizi anataka iyeyuke upesi. Paa lako linamhusu nini? Tafuta lami mpya. Ipashe mara moja, kwa moto mdogo. Ikimiminika, epua, usingoje moshi. Ukishapaka, nyunyiza mchanga uikinge na jua."

Kiangazi kilipofika, Odero akafanya hivyo. Masika yaliyofuata yakapita, na hakuna tone lililoingia.

Siku Phoebe alipoletwa, manyunyu yalikuwa yakigonga madebe. Selpher alimlaza kwenye kitanda kikavu. Mtoto akatazama paa, kisha akamtazama yeye.

"Shangazi," aliuliza, "utanirudisha Kisumu kwa mama lini?"