Aliyempunguzia Gesi

Foleni ya kujaza mitungi ilikuwa imefika getini. Mafundi wa kuchomelea vyuma, mafundi wa friji, watu wa hospitali na mitungi yao mirefu ya oksijeni, wote jasho linawatoka na wote wanamlaumu karani. Katikati yao alisimama msichana mwenye jaketi jekundu la ngozi, suruali nyeupe isiyo na hata tone la oili, na hereni kubwa za duara. Mtungi wake wa bluu ulikuwa umeshajazwa. Aliuweka chini, juani, akingoja risiti.

"Dada, huo mtungi utoe juani," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Mwanamume mrefu, ovaroli imepauka, kucha safi kama za daktari.

"Kwani wewe ndiye mama yake?"

"Hiyo ni naitrasi, gesi ya kuongezea gari mbio. Ikipata joto presha inapanda, halafu inaingia kwenye injini kwa nguvu kuliko ulivyopanga."

"Mimi nimepanga iingie kwa nguvu."

"Basi panga na mazishi kabisa."

Foleni nzima iliangua kicheko. Msichana hakuzoea kuchekwa. Alikuwa binti wa bingwa wa zamani wa mbio za magari, na yeye mwenyewe watu walimwita Kipanga kwa jinsi alivyokuwa akiwashukia wenzake barabarani. Alimtazama yule mwanamume toka viatu hadi kichwani.

"Gari langu lina turbo," alisema. "Lina pistoni za kufuliwa, si za kumimina, lina konrodi za chuma kigumu. Na lina mimi."

"Hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi."

Safari hii alicheka yeye. Alipoondoka, namba ya simu ya yule fundi ilikuwa mkononi mwake, na mtungi ulikuwa kivulini.

Fundi huyo aliitwa Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha nati. Ndani ya mwezi mmoja gari la Kipanga lilihamia karakana yake, na mwenye gari naye akawa kama amehamia. Alikuwa akikaa juu ya meza ya vifaa, miguu inaning'inia, anakula karanga na kumchokoza.

"Nieleze hii gesi kama unamweleza mtoto, mpenzi."

"Turbo ni feni ya kusukumia injini hewa, na ni mvivu wa kuamka. Ukikanyaga mafuta, inapiga miayo kwanza. Gesi kidogo inaiamsha. Ikishaamka, gesi inajifunga."

"Kwa nini iwe kidogo?"

"Kwa sababu ndani ya injini gesi ni hewa ya ziada. Hewa ikizidi na petroli haitoshi, moto unayeyusha pistoni kama mshumaa. Kwa hiyo naongeza petroli, nachelewesha cheche, naweka plagi za baridi, zisizoshika joto. Halafu kuna swichi: gesi haitoki mpaka uwe umekanyaga mpaka chini na mizunguko ya injini imepita elfu tatu na nusu. Presha ya petroli ikishuka, gesi inakatwa hapo hapo."

"Na kwenye mapenzi uko hivyo hivyo? Swichi kila mahali?"

"Kwenye mapenzi sina hata moja, laazizi. Ndiyo maana naogopa."

Ana kwa ana alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kwenye simu alifunguka. Alimwandikia ujumbe asubuhi, mchana na jioni, na Kipanga aliusoma akiwa ameuma mdomo ili asicheke kwa furaha.

Siku tatu kabla ya mashindano, baba yake Kipanga alifika karakana peke yake. Alikuwa mzee nadhifu, miwani ya dhahabu, shati limenyooshwa. Taratibu alimwamkia, akamwambia ukweli: pampu ya petroli imechoka, mpya haijafika, na kwa gesi aliyoitaka Kipanga haitatosha.

"Mpunguzie," mzee alisema. "Weka jeti ndogo, tundu la gesi liwe jembamba. Na usimwambie, ukimwambia atakataa kukimbia."

"Mzee wangu, yeye ndiye anayekaa ndani. Lazima ajue."

"Na mimi ndiye niliyemzaa. Apa kwamba litabaki kati yetu."

Taratibu aliona aibu kubishana na mtu anayetaka awe mkwe wake. Akaapa.

Kipanga alishindwa kwa urefu wa boneti. Alishuka garini uso umemvimba kwa hasira, akazunguka nyuma ya lori la vifaa, na hapo akamsikia Taratibu akizungumza kwenye simu kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, nilimpunguzia. Hapana, hajajua. Sawa, litabaki kati yetu."

Kwa akili ya Kipanga, kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuambiwa maneno hayo: mpinzani wake. Hakuuliza. Alitembea moja kwa moja hadi jukwaani, akampokonya mtangazaji kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mnataka kujua kwa nini nimeshindwa? Fundi wangu ameniuza. Lakini ni fundi mwenye maneno matamu, hebu sikilizeni." Alitoa simu mfukoni. "'Nikikosa sauti yako siku moja, nakuwa kama injini isiyo na oili: natembea lakini naungua.'"

Uwanja ulilipuka kwa vicheko. Akasoma mwingine. "'Mimi sikulelewa na mama, sijui kubembelezwa. Ukinishika kichwa nataka kulia.'" Huo aliusoma kwa sauti ya kitoto, na yeye mwenyewe akacheka, kicheko kirefu kilichozunguka uwanja mzima kupitia spika.

Taratibu alikuwa amesimama chini ya jukwaa. Pembeni yake alisimama baba yake Kipanga, simu bado mkononi.

"Sema ulikuwa unaongea na nani!" Kipanga alimfokea.

Taratibu alimgeukia mzee. Mzee alivua miwani, akaanza kuifuta kwa leso, polepole, lenzi moja baada ya nyingine.

"Niliapa," Taratibu alijibu.

"Uliapa! Basi nenda ukaungue na kiapo chako."

Kipanga alizitupa spana zake kwenye lami, na Taratibu akazikusanya moja moja, watu wakimrekodi.

Kipanga alipeleka gari kwa fundi mwingine, mcheshi aliyejisifu kwamba woga si ufundi. Huyo aliweka jeti kubwa, pampu akaiacha ile ile, na swichi ya presha akaing'oa kwa sababu "inakatakata raha". Mashindano yaliyofuata, saa nne asubuhi, Kipanga alibonyeza kitufe na gari likaruka kama limepigwa teke. Kwa sekunde nne alikuwa mbele ya wote. Kisha petroli ikapungua, pistoni zikayeyuka, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ikatoboa injini, na oili ikamwagikia turbo iliyokuwa nyekundu kwa joto. Walimtoa ndani ya moto akiwa hai. Mkono wa kushoto uliungua hadi kwenye kiwiko, na nusu ya nywele zikaisha.

Hospitalini baba yake alikaa kando ya kitanda akilalamika.

"Ningejua utakwenda kwa mjinga yule, nisingemwambia Taratibu akupunguzie."

Kipanga alifumbua macho. "Umesema nini?"

Neno lilikuwa limeshamtoka mzee. "Ni mimi niliyemwapisha. Pampu ilikuwa haitoshi. Nilitaka urudi mzima."

"Na pale uwanjani? Ulikuwa umesimama pale, baba."

"Nilifikiri utamsahau. Yule si mtu wa kukuoa."

"Ulinisikia nikisoma."

"Nilisikia."

"Ulinisikia nikicheka. Na ukaniacha nicheke."

Aligeuza uso ukutani. Alipotoka hospitalini alikwenda kwa shangazi yake, na simu za baba yake hakuzipokea tena.

Yeye mwenyewe alimpigia Taratibu, baada ya kuishika simu siku mbili bila kubonyeza.

"Karakana," Taratibu aliitikia.

"Ni mimi."

"Lete injini niifungue," Taratibu alisema.

Alifika nayo kwenye pikapu, kitambaa kichwani, mkono umefungwa bendeji. Taratibu aliifungua bila kumtazama. Alichomoa pistoni na kuiweka mezani: upande mmoja ulikuwa umeliwa.

"Baba ameniambia yote," Kipanga alisema. "Nisamehe."

"Na mimi nilikosa. Ulipaswa kujua ni gesi kiasi gani unayokalia. Kama ungekataa kukimbia, ni haki yako." Alifuta mikono. "Lakini niambie kitu kimoja. Siku ile ulikuwa unanipenda?"

"Nilikuwa nakupenda."

"Sasa kwa nini ulisoma?"

Machozi yalimtoka. "Nilitaka uumie kuliko nilivyoumia mimi."

"Niliumia."

"Nioe, Taratibu. Nitafanya lolote. Nioe."

Kabla hajajibu, gari liliingia getini na mteja akachungulia dirishani, meno yote nje. "Fundi! Bado unatembea lakini unaungua?" Mafundi wa karakana ya jirani waliitikia kwa kicheko. Hakuna aliyemtambua mwanamke mwenye kitambaa.

"Karibu. Egesha pale," Taratibu alijibu, kama mtu aliyesalimiwa tu.

"Kila siku ni hivi?" Kipanga aliuliza.

"Huyo ni wa tatu leo."

"Nitapanda tena jukwaani. Nitasema ukweli wote, mbele ya watu wale wale."

"Ukweli hauchekeshi, Kipanga. Hakuna atakayeukumbuka."

"Kwa hiyo ndiyo hapana?"

Taratibu alijibu kwa sauti laini, jambo lililomwumiza Kipanga zaidi. "Nimekusamehe, na nakupenda bado, sitakudanganya mara ya pili. Lakini kila nikitaka kukuambia neno tamu, nasikia kile kicheko. Siwezi kumwoa mwanamke ninayeogopa kumwambia nampenda."

Bendeji yake ilikuwa imelegea. Taratibu aliifungua, akaifunga upya vizuri, akahakikisha haibani. Kisha akamfungulia mlango wa pikapu, akangoja mpaka ametoka getini, akaenda kumsikiliza mteja.