Jicho la Majaribio

Foleni ya kliniki ya macho ilikuwa imefika nje ya mlango, na simu ya sista imechemka utadhani imetoka jikoni. Kila alipopiga picha ya jicho la mgonjwa, programu ya kuikagua iliganda.

"Simu yako inabebeshwa mzigo usio wake," sauti ilisema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, shati la bluu lililopigwa pasi upande mmoja tu, amekumbatia kisanduku cheusi.

"Na wewe ni nani, mpagazi?"

"Fundi wa programu. Hii ni seva, kompyuta ya kuisaidia simu, naiweka hapa chini ya ngazi. Simu ipige picha tu. Kazi nzito ataifanya huyu jirani, kisha majibu yarudi. Nipe jicho moja la kujaribia."

Sista akapiga picha ya jicho lake mwenyewe. Kufumba na kufumbua, jibu likaja: Jicho zima.

"Zima na zuri," fundi akaropoka, kisha akaona haya. Sista akacheka mpaka foleni ikageuka.

"Naweza kuitumia picha hii kwa majaribio?"

"Itumie."

Zikafuata wiki tatu za simu za mchana.

"Umekula, malkia?"

"Nitakula saa ngapi na wagonjwa sitini?"

Siku hizo foleni ilikwisha mapema. Moyo wa sista ndio haukutulia.

Jumatatu moja wauguzi walitakiwa kuijaribu programu mpya. Sista akabonyeza "Jaribu", maneno yakatokea: Jicho zima. Mwenye jicho hili, nakupenda.

Akayasoma tena. Kabla hajapumua, rafiki yake wa chumba cha pili akaja mbio.

"Shoga, fundi kanitongoza!"

"Hata mimi!" akadakia mwingine kutoka dirisha la dawa.

Kumbe wauguzi kumi na wawili walikuwa wamependwa asubuhi moja! Sista akazima simu yake. Alikuwa amemwamini, na hilo ndilo lililomuuma.

Fundi akafika anahema, shati limelowa jasho.

"Nisikilize, mpenzi."

"Kawasikilize wenzangu kumi na mmoja!"

"Ujumbe niliufunga kwenye picha ya jicho lako. Nikasahau kwamba yeyote akibonyeza 'Jaribu', picha inayokwenda kwa seva ni hiyohiyo. Mpige picha mwingine yeyote, uone."

Sista akanyakua simu ya rafiki yake, akampiga picha ya jicho. Jicho zima. Basi, hakuna la zaidi.

"Mimi sipendwi tena?" rafiki akalalamika.

Sista alijitahidi kununa, akashindwa. "Haya, sema kwa mdomo wako."

"Nakupenda. Nataka nikuoe."

"Rudia. Wagonjwa wa nyuma hawajasikia."

Akarudia kwa sauti. Foleni nzima ikapiga vigelegele.

"Nimekubali," sista akasema, machozi yakimlengalenga. "Ila yafute hayo maneno kabla daktari mkuu hajabonyeza."

Fundi akainamisha kichwa. "Ameshabonyeza. Ananisubiri ofisini."

Sista akamshika mkono. "Twende wote."