Jakuzi la Mama Asumpta

Nkirote alidhani ni sanamu. Katikati ya ukumbi wa maonyesho ya vifaa vya nyumbani, nusu ya Toronto ikisukumana kutafuta bei za Machi, ndani ya jakuzi kavu lililopambwa kama bi harusi, alilala mwanamume mrefu wa suti ya kijivu na soksi za manjano. Macho ameyafumba. Viatu amevipanga nje, kisigino kwa kisigino, kama aliyeingia msikitini.

"Hawa watu," Nkirote alijisemea, "hata sanamu wanaivalisha soksi za mtumba."

"Si za mtumba," sanamu ikajibu. "Risiti ninayo."

Nkirote alicheka hadi akashika ukingo wa jakuzi asianguke. Alikuwa ametoka zamu hospitalini, koti la rangi ya damu ya mzee juu ya sare ya unesi, nywele zake za rasta zimefika kiunoni, na hakuwa amecheka tangu asubuhi.

"Unafanya nini humo, kaka?"

"Najipima. Nisipojipima leo, Januari magoti yatabaki nje yakinyeshewa theluji."

"Kwa hiyo unanunua?"

"Mimi sinunui kitu ambacho hatujajuana nacho. Wewe?"

Nkirote alikuwa anamtafutia mama yake, Mama Asumpta, mwalimu mstaafu kutoka Meru, ambaye magoti yake yalikuwa yakilia kama mlango wa zamani. Daktari alisema maji ya moto kila siku yatasaidia. Kusikia hivyo, yule mwanamume alitoka ndani, akavaa viatu, akajitambulisha kuwa ni Cliff, Mkisii anayeishi Brampton. Kisha akamgeukia muuzaji kama wakili aliyeamka vibaya.

Muuzaji aliitwa Nadim. Wazazi wake walitoka Mwanza, na Kiswahili alikipata mezani.

"Ganda lina waranti ya miaka kumi," Nadim alisema.

"Na pampu?"

"Miwili."

"Hita?"

"Miwili vilevile, bwana."

Cliff alimtazama Nkirote. "Umesikia? Huyu ni kama mtu anayekuahidi mapenzi ya maisha, lakini simu atakupigia wiki mbili tu." Akapiga magoti, akamulika chini ya jakuzi kwa tochi ya simu. "Na pampu ikifa Januari, fundi anakuja Januari au Aprili?"

Nadim alianza kupekua karatasi za waranti.

"Aprili," Cliff alisema. "Dada, tuendelee kutembea."

Walitembea mpaka ukumbi ukafungwa, wakaendelea kutembea kwa simu, wakaendelea kutembea kwa gari kati ya Brampton na Pickering, alikoishi Nkirote na mama yake, mpaka Nkirote akazijua taa zote za njiani. Cliff alikuwa mtu wa vitu kudumu. Rimoti yake iliishi ndani ya nailoni. Boksi la blenda alilitunza kuliko blenda yenyewe.

"Bebi, hata mimi utanitia nailoni?" Nkirote alimuuliza siku moja.

"Nimetafuta ya saizi yako, nimekosa."

"Nenda huko, Mkisii wewe."

Lakini jakuzi halikununuliwa. Kila Nkirote alipochagua, simu ililia.

"Usiagize bado, mpenzi."

"Tunangoja nini sasa? Ganda zuri, pampu umeikubali, Nadim ametuapia fundi wa Januari."

"Kuna jambo la waranti nalichunguza."

"Jambo gani?"

"Nitakwambia."

Nkirote alikata simu akatazama ukuta. Aliwahi kupenda mtu mwingine, miaka mitatu, naye kila mara alikuwa na jambo analichunguza. Alichunguza, akachunguza, akaoa mwingine. Magoti ya Mama yangeweza kungoja mwezi mmoja zaidi. Moyo wake ndio hakujua kama ungeweza. Akaamua: siku ya kujaribu jakuzi dukani, Cliff ataonyesha yuko ndani au yuko nje.

Siku hiyo ilifika Oktoba. Duka la Nadim huko Brampton lilikuwa na jakuzi moja lenye maji, kwa wanaotaka kuonja kabla ya kula. Mama Asumpta alivua leso, akaingia na vazi jipya la kuogelea lenye maua mekundu, akakaa pembeni, mabega wazi, mvuke ukimpanda usoni. Akafumba macho kwa raha. Nkirote akaingia naye.

"Haya, bwana Cliff," Nadim aliita. "Hili la watu watano, halipimwi na wawili."

Cliff alitoka chumba cha kubadilisha akiwa na kaptura ya bluu na taulo begani, anatabasamu. Akamwona Mama majini. Tabasamu likaanguka. Akageuka kama aliyekanyaga moto, na punde mlango wa nje ukasikika ukijifunga.

Nkirote alinyoosha mkono, akachukua simu, akampigia.

"Uko wapi?"

"Nje. Kwa gari."

"Umetuacha kwenye povu?"

"Siwezi kuingia, Nkirote. Nyinyi endeleeni tu."

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi."

Nkirote aliiweka simu chini polepole. Basi. Ameonyesha yuko nje.

"Mama, toka. Tutarudi na treni. Huyu ni kama yule mwingine."

Mama Asumpta hakutoka. Alianza kucheka, kwanza tumboni, kisha mabegani, mpaka maji yakamwagikia viatu vya Nadim.

"Nkirote, nimefundisha Kisii miaka mingapi?"

"Mingi. Mama, si wakati wa—"

"Huko nilimwona mwanamume mzima akiruka kichakani na baiskeli yake. Unajua alikuwa anamkimbia nani? Mama ya mke wake, anakuja sokoni, kabeba tu ndizi. Mkisii ataoga mtoni na jirani, na mwalimu, hata na padri. Kuna mama mmoja tu ambaye hawezi kumtazama mabega."

"Lakini Mama, mimi si mke wake."

"Hiyo habari yeye hajaipata."

Nkirote alitoka majini bila kujifuta. Alivaa joho la taulo na buti, nywele zikitiririka, akavuka maegesho huku watu wakimpisha. Cliff alikuwa ndani ya gari, koti juu, kaptura chini, mikono kwenye usukani kana kwamba anaendesha.

Akaingia, akafunga mlango. "Jambo la waranti. Sema."

Cliff aliachia usukani. "Jakuzi likihamishwa, waranti inakufa. Anwani ya kwanza ndiyo ya mwisho. Na pale Pickering mnakaa nyumba ya kupanga."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimekuwa nikitafuta nyumba ambayo likiingia halitoki. Nimeiona moja. Ina uani, na chumba cha Mama kisicho na ngazi."

"Na mimi?"

"Nimeuliza ganda, nimeuliza pampu, nimeuliza hita. Wewe tu ndiye nimeogopa kuuliza."

Nkirote alivuta pumzi ndefu, na ilipotoka ilitoka na miezi yote. Alitaka kumpiga, akaishia kumfuta maji yaliyomdondokea gotini.

"Uliza basi."

"Utaolewa na mimi?"

"Waranti yako ni ya miaka mingapi?"

"Ganda siwezi kuapa. Kwetu upara unawahi." Akaushika mkono wake akauweka kifuani. "Pampu ni ya maisha."

"Na ikisumbua Januari?"

"Fundi ni nesi. Analala humo humo ndani."

"Mkisii wewe," Nkirote alisema. "Ndiyo. Nitaolewa."

Simu ya Cliff ililia, Nkirote akaiweka spika. Alikuwa Mama, kwa simu aliyoiacha Nkirote ukingoni mwa jakuzi.

"Mmemaliza? Vidole vimenikunjamana kama zabibu kavu. Nimemwambia Nadim hili ndilo, na anwani atapewa. Na mwambie mkwe wangu natoka sasa, afumbe macho."

Cliff aliinamia usukani, akajifunika uso kwa taulo.

"Yamefumbwa, Mama."