Dodoso la Bibi Consing

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kanisani, na nilikuwa na haraka.

Ilikuwa siku ya tatu bibi yangu, Consing, amelazwa kwenye jeneza. Wazee walikuwa pembeni wanacheza karata na kunywa kahawa, kama kwenye misiba yote ya hapa mjini Iloilo. Shangazi Merlinda akanidaka mlangoni.

"Arlyn, unakwenda wapi?"

"Nyumbani mara moja, shangazi. Nikabadilishe nguo."

"Pitia dukani kwa Bi Toyang kwanza, unywe hata soda. Usiende moja kwa moja ukatuletea marehemu nyumbani. Umesikia?"

"Nimesikia."

Hakuniachia mkono. Akashusha sauti. "Hivi siku ile anafariki, Mama hakulalamika kabisa? Hakukuita?"

"Hakuniita, shangazi. Alilala tu."

Nilidanganya. Na kwa Bi Toyang sikupitia.

Kila anayetoka msibani hupita mahali pengine kwanza, ili marehemu apotee njia. Hata walevi wa mtaani kwetu hawasahau. Mimi nililipita duka lile huku nikitazama saa, kwa sababu dodoso lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili na nusu.

Ndiyo, dodoso. Bibi yuko kwenye jeneza, na mimi nakimbilia dodoso.

Jioni nilikuwa najiongezea kipato kwa kujibu madodoso ya mtandaoni. Wanakuuliza unafulia sabuni gani, unakunywa kahawa gani, halafu wanakulipa vijisenti. Vijana tumejaa tele, wazee ndio wanaotafutwa, basi nikafungua akaunti kwa jina kamili la Bibi, Consolacion. Mwanzoni nilikuwa namuuliza kweli, naye anacheka. "Hawa watu hawana kazi ya kufanya?" Baadaye nikaona ananichelewesha. Nikawa namjibia mwenyewe.

Wiki yake ya mwisho waliuliza kama ana maumivu ya kifua. Nilijua anayo. Lakini ukisema wewe mgonjwa, dodoso linakutoa nje na hulipwi kitu. Nikabonyeza Hapana.

Nilifika nyumbani, nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa kwenye meza ya jikoni. Nikajiambia pesa hii nitamnunulia maua. Simu ikawaka.

*Karibu tena, Bi Consolacion.*

*Nyumbani mwako wanaishi watu wangapi?*

Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Nikaandika: mmoja.

*Jibu hili halilingani na taarifa zetu.*

Sikushtuka. Madodoso yana mitego. Swali huzungushwa ili waongo wanaswe. Nikaandika: wawili. Likakubali.

Ndipo harufu ikanijia. Mafuta ya kuchua, yale makali ya kijani aliyokuwa akijipaka kifuani kila jioni. Chupa yake niliitupa mwenyewe juzi.

*Wiki iliyopita ulipata maumivu ya kifua?*

Kidole changu kilikuwa bado hewani. Alama ikajiweka yenyewe.

*Ndiyo.*

Kwaru... kwaru...

Ndala. Ndala zinazoburutwa sakafuni, taratibu, nyuma ya pazia la chumba chake.

*Ulimwambia nani?*

Majibu ya kuchagua yalikuwa manne: Daktari. Jirani. Mjukuu. Sikumwambia mtu. Nilitaka kuizima simu, mkono ukakataa. Alama ikashuka polepole, ikasimama.

*Mjukuu.*

"Bibi," nikanong'ona. "Bibi, nisamehe."

Kwaru... kwaru...

*Alikujibu nini?*

Chini yake kisanduku kitupu.

Nikaandika: alikuja mara moja.

*Jibu hili halilingani na taarifa zetu.*

Nikaandika: hakusikia.

*Jibu hili halilingani na taarifa zetu.*

Harufu ilikuwa sasa shingoni mwangu. Nililia kwa aibu zaidi kuliko kwa woga. Kwa sababu nilisikia, jamani. Aliniita mara tatu kutoka chumba kile. Yalikuwa yamebaki maswali manne, nami sikuinua hata kichwa. Nikaandika kile nilichomjibu, neno kwa neno.

*Subiri kidogo, Bibi, namalizia.*

Ndala zikanyamaza.

Kwenye kioo cha simu duara likaanza kuzunguka. Chini yake maneno mawili.

*Subiri kidogo.*

Nikasubiri. Sijui kwa muda gani. Giza lilikuwa limeshaingia mlango ulipogongwa, nikaruka, nikatoa komeo. Alikuwa Shangazi Merlinda, na mfuko wa mikate mkononi. Akaingia, akasimama katikati ya jiko, akanusa.

"Ulipitia kwa Bi Toyang?"

"Nilipitia."

"Mbona nyumba inanuka mafuta ya Mama?"

Nikamvutia kiti. Akaweka mfuko mezani, kando ya simu yangu, akakaa. Macho yake yalikuwa mekundu. Shangazi wa watu, siku tatu hajalala.

"Mwanangu, sitakugombeza. Nataka tu nijue, roho yangu itulie. Mama hakukuita kweli?"

Nilikuwa nimeshaandika ukweli mara moja. Ilibaki hatua moja tu, kuutamka. Nikafungua mdomo.

"Hakuniita, shangazi."

Simu ikatetemeka mezani, kioo kikawaka kati yetu.

*Jibu hili halilingani na jibu lako la awali.*

Shangazi akainama kusoma. Nyuma ya pazia, ndala zikaanza tena kutembea.